Mudada wa Pull ya Bluu

Emérence alishuka Beni saa tano ya asubuhi na flash moja ndani ya mkoba, na tangu Butembo hakuwa amesema neno na abiria hata mmoja. Waliokaa naye garini walidhani anaenda matanga. Si kosa lao. Mwanamke wa miaka thelathini na nane, kitenge kipya, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, halafu macho mekundu namna ile! Wewe ungedhani nini?

Hakuwa anaenda matanga. Alikuwa anaenda kumwuliza mwanamume mmoja swali moja lililochelewa miaka kumi na tisa, na alibakiwa na siku mbili tu za kupata jibu. Jumamosi mbuzi wa Mwalimu Ananie wangefika kwa baba yake. Na kwao, mbuzi wakishafungwa kwenye uwanja wa baba na shangazi akapokea kamba, hakuna tena cha kujadili. Umekuwa mke wa mtu.

Usimchukie Ananie, nakuomba. Ni mjane, mwalimu wa Kiingereza, viatu vyake havina vumbi hata wakati wa kiangazi. Wanaume wengine walimletea Emérence sukari na maneno matamu. Ananie alikaa kwenye stuli ya duka la vitenge la Emérence akamwuliza alipenda nini alipokuwa msichana. Emérence akaona haya, kisha akasema kweli: alipenda zile série za zamani za tele, zile za watu wanaosafiri kwenye nyota. Alipenda moja kuliko zote, na jina lake la kweli hakulijua, sababu pale salle ya video watu waliiita tu Kapitene wa Baridi. Ananie hakucheka. Aliitafuta kwenye internet miezi mitatu, akauliza mpaka marafiki wa Kampala, na Jumapili iliyopita akaja na flash. Vipindi vyote ishirini na sita, na maandishi ya Kifaransa chini.

Na hiyo zawadi, ee Mungu wangu, ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Ngoja nikueleze hiyo salle. Ilikuwa nyumba ya mbao, mabenchi kumi, tele moja ya rangi nyeusi na nyeupe, na moteur ya umeme iliyokohoa nje. Kaseti zilipita Kasindi, mpakani, ndani ya masanduku, bila karatasi, bila jina. Kulikuwa na ile ya mchawi mwenye upanga wa barafu, ile ya mtoto wa chuma aliyetaka kubatizwa, na nyingine ambayo mji mzima uliingia ndani ya saa ya ukutani. Zote zilikuwa za miaka ya ujana wa wazazi wetu, milango ya meli zao za angani inatikisika ukiisukuma, na sisi tulizipenda hivyo hivyo. Zote zilisema Kiingereza, na Kiingereza nani alikijua? Lukumani. Kijana wa Beni, mtoto wa mwenye lori, alisimama kando ya tele na mikro mkononi akatafsiri kila neno. Alisema alijifunza Kampala. Uongo mtupu! Kiingereza chake kilitosha kununua ndizi za kuchoma na kupita duane ya mpaka, basi. Lakini sauti alikuwa nayo. Kapitene akiwa peke yake ndani ya meli, akimwita kwa redio yule msichana wa nyota nyingine asiyeweza kumwona, wanaume wazima walipangusa macho.

Emérence aliuza beignets, yale mandazi, mlangoni, na beseni likiisha aliingia kukaa benchi la mbele. Alikuwa na miaka kumi na tisa na pull ya bluu, sweta nzito, maana baridi ya Butembo unaijua. Lukumani alimtazama, naye alimtazama. Mara mbili alimsindikiza mpaka kwenye kona ya kwao. Mara ya pili baba wa msichana, Papa Mathe, katekista, aliwaona. Kesho yake alimwita kijana pembeni, na walichosema Emérence hakukijua. Alijua tu kwamba tangu siku hiyo Lukumani hakumsalimia tena, na wiki moja baadaye alipanda lori la baba yake akarudi Beni. Hata kwaheri hakumpa. Miaka kumi na tisa Emérence alilibeba hilo moyoni: aliondoka bila neno.

Sasa rudi Jumapili. Emérence na Ananie wamekaa mbele ya ordinateur, kompyuta ya mwalimu, kapitene yuko pale pale na nguo zake za kung'aa, na Emérence anamshika mwalimu mkono.

"Sasa usikilize," alimwambia. "Hapa njo atasema: Mudada wa pull ya bluu, kama unanisikia, kesho jua likitoka uje pa mulango wa meli. Nitakuwa pale. Nikikukosa, nitajua ulikataa, na sitakusumbua tena."

Kapitene alifungua mdomo. Kifaransa kikapita chini. Ananie akakunja paji la uso.

"Emérence, ile maneno haiko."

"Namna gani haiko?"

"Anasema réservoir ya tatu imeganda, maji itaisha kabla bafike. Hata Kiingereza iko inasema vile vile." Mwalimu ni mwalimu, hawezi kuacha kosa lipite. "Na pull ya bluu njo gani? Ule mudada amevaa robe nyekundu."

Emérence alitazama. Nyekundu. Nyekundu kabisa, gauni, haikuwa pull. Kwenye tele yao ya zamani ilikuwa kijivu, na sauti ya Lukumani ilisema bluu, na watu sitini waliona bluu. Kwa nini bluu? Ndipo akaelewa. Yule kijana alikuwa amemuaga, na meli ilikuwa lori la baba yake. Alikuwa amemwita, mbele ya watu sitini, na mikro mkononi, na yeye alikaa pale benchi la mbele akalia kwa ajili ya kapitene, kisha akabeba beseni lake akaenda kulala.

Ananie alimwuliza kama ni mgonjwa. Alijibu kwamba flash ina tatizo, ataipeleka Beni kutengenezwa.

Alhamisi hiyo, Beni, duka la Lukumani alilionyeshwa na wauza ndizi. Ubao ulisema Réparation Télé, Décodeur, Radio, na mlangoni mwanamke mwenye mtandio wa kijani alikuwa anachagua maharage kwenye sinia.

"Bonjour ya hapa, mama," Emérence alisema. "Niko natafuta papa Lukumani."

"Karibu, mama yangu, karibu ukae! Mimi njo bibi yake. Halima. Baba Amani! Njoo, iko mugeni!"

Bibi yake, mkewe. Naam, ulitaka nini, Emérence? Mwanamume wa miaka arobaini na tatu, ulidhani amekaa anakungoja na mikro? Ndivyo alivyojiambia mwenyewe, akakaa.

Lukumani alitoka nyuma na tournevis, bisibisi yake, mkononi na miwani puani. Ndevu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alimwona. Tournevis ikabaki hewani.

"Asubuhi njema, mama," alisema mwishowe, polepole. "Iko na shida gani?"

"Ni flash. Ndani iko maneno yenye sielewe."

Aliipokea kwa ncha za vidole, akaichomeka kwenye tele kubwa ya mteja. Muziki ule ulipoanza, ule wa tarumbeta na upepo, alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, ashukuriwe Mungu.

Halima alileta chai ya tangawizi, akavuta stuli akaketi katikati yao.

"Kumbe ni Kapitene wa Baridi! Hii baba Amani anaihadisiaka batoto kila mara. Mimi sijaiona hata siku moja. Sasa tutafsirie, mimi Kiingereza sijue."

"Iko kazi kule nyuma," Lukumani alisema.

"Kazi itangoja. Mugeni ametoka mbali. Tafsiri!"

Kapitene alikuwa amekaa mbele ya vitufe vyake. Alianza kusema. Chini Kifaransa kilianza kueleza habari za bomba na joto. Lukumani alikohoa, na ile sauti, ile ile, ikatoka kwenye kifua cha mtu mzima, na Emérence akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Anasema alingoja. Alingoja pa mulango wa meli tangu jua kutoka mpaka saa tatu. Baba yake alipiga klaksoni mara ine, na yeye akasema, papa, tungoje kidogo tena."

"Meli gani ya angani iko na klaksoni?" Halima alicheka.

"Ni meli ya zamani."

Kwenye tele msichana wa robe nyekundu alitokea, ameinamia redio yake.

"Huyu mimi namujua," Emérence alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Naweza kutafsiri huyu?"

"Eee, tafsiri, mama! Tafsiri!"

"Mudada anasema hakujua. Alifikiri ni filme. Alikaa mbele yake kabisa, akalia, akaenda kulala. Asubuhi akasikia meli imekwenda, akasema, kumbe hata kwaheri sistahili."

Lukumani alivua miwani. Aliifuta kwenye shati, na shati lilikuwa chafu, na aliendelea kuifuta.

"Kapitene anasema aliapishwa. Baba ya mudada alimushikisha musalaba, yeye mutoto wa musikiti, akamuambia, uape hautasema na binti yangu hata neno moja. Na wazee yake mwenyewe, kule kwao, balisema vile vile upande yao. Akaapa. Donc hakusema naye. Alisema na mikro."

"Na juu ya nini hakurudi hata siku moja kuuliza?"

Msichana wa robe nyekundu alikuwa ameshaondoka kwenye kioo. Hakuna aliyejali.

"Alifikiri alikataliwa. Mutu akikataliwa mbele ya batu makumi sita, anarudi na uso gani? Akakaa na baridi yake."

"Mudada hakukataa." Emérence sasa alikuwa anamtazama yeye, si tele. "Alivaa ile pull mpaka ikatoboka viwiko. Bamama banamucheka mpaka leo. Akaona bengine banaolewa, akabeba batoto ya bengine pa ubatizo. Mudada anauliza: ni kweli kapitene alikuwa anamupenda?"

"Anasema ndiyo."

"Sana?"

"Anasema ndiyo, sana. Kila neno ya ile série yote ilikuwa yake. Kiingereza hakukijua hata kidogo."

Halima hakucheka safari hii. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anatazama ukingo wa chini wa kioo, kikombe chake kimejaa. Emérence alivuta pumzi. Swali lenyewe alilotoka nalo Butembo lilikuwa bado, na ni moja tu.

"Mudada anauliza," alisema, "na sasa?"

Kapitene alikuwa amenyamaza, amekaa tu, taa ndogo zinawaka na kuzima usoni pake. Lukumani alipofungua mdomo hakutumia sauti ya mikro. Alitumia yake.

"Sasa meli iko na batu ndani. Iko batoto. Na iko mama mumoja mwenye alimufunika wakati baridi ilikuwa inamumaliza, na hakumuuliza kwanza ametoka wapi. Ule mama, kapitene hawezi kumushusha mu njia. Hata kama bangemurudishia miaka yote, hawezi. Meli haigeuke tena." Alisimama. "Anaomba mudada asimungoje tena. Anaomba sana."

Akachomoa flash, akaiweka juu ya meza mbele ya Emérence, akaingia nyuma. Walisikia amewasha bomba la maji, na maji yakatiririka muda mrefu.

Halima alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, kama inavyopasa, na mkoba akaubeba yeye. Walitembea mpaka wakapita duka la unga.

"Bakuitaka nani, mama?"

"Emérence."

"Kwetu nyumbani unaitwa Pull ya Bluu." Halima alihamisha mkoba begani. "Mimi nilisoma lycée mpaka diplome. Kifaransa nasomaka. Bomba, maji, robinet. Nilisoma yote."

Emérence alisimama pale pale. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Unisamehe, dada yangu. Haki ya Mungu sikuja kukunyanganya."

"Najua. Ungetaka kunyanganya, haungetafsiri mbele yangu."

"Mais juu ya nini ulinyamaza?"

"Juu nilitaka kusikia." Halima alitabasamu. "Ule mama mwenye alimufunika ni mimi. Miaka kumi na sita ndani ya nyumba moja, hajaniambia ile neno hata siku moja. Leo njo nimeisikia, na alikuwa anakuambia wewe."

Wakasimama wanawake wawili kando ya barabara, mkoba mmoja kati yao. Halima alipangusa uso kwa ncha ya mtandio.

"Ni bwana muzuri. Hanipige, hanikoseshe kitu. Lakini jioni anaketi na sisi na macho yake iko inatazama kwingine, na mimi napika, nafua, nazaa, nasema kesho itapita. Ukilala na mutu mwenye anangoja mwingine, mama, uko peke yako mu nyumba yenye kujaa batu. Sitamanie hata adui."

Walikumbatiana. Halima alimpa mkoba, akageuka, na mtandio wa kijani ukapotea nyuma ya malori.

Emérence hakupanda gari mara moja. Alikaa kwenye benchi la parking na kutoa simu. Ilikuwa Alhamisi, saa nane, Mwalimu Ananie ametoka darasani sasa hivi. Alijua angeweza kunyamaza tu. Mbuzi wangekuja, shangazi angepokea kamba, Papa Mathe angefurahi kabla ya kufa. Ananie angefuta viatu vyake mlangoni kwake kila jioni, aketi mbele ya mke mwenye macho yanayotazama kwingine. Hangelalamika. Angefikiri ndivyo ndoa ilivyo.

"Allô, Emérence! Flash ilitengenezwa?"

"Ilitengenezwa, Mwalimu. Nisikilize. Jumamosi usilete mbuzi."

Nyuma yake wanafunzi walikuwa wanapiga kelele uwanjani.

"Nilikosea fasi gani?"

"Haukukosea. Wewe peke yako ulinitafsiria kweli, na mimi nakuambia kweli. Iko mutu mu moyo yangu. Harudi, nimemuona leo, imekwisha. Lakini fasi yake bado haijawa wazi, na sijue itakuwa wazi siku gani. Sitaki uingie kwangu ukuwe peke yako."

Alimsikia anapumua. Alitamani agombe, atukane, aseme chochote. Ananie hakuwa mtu wa hivyo, na hiyo ndiyo ilimuumiza zaidi.

"Wasingya," alisema hatimaye, kwa Kinande cha nyumbani, jinsi mtu anavyoshukuru akiwa amepewa kitu kizito. "Ni vizuri uliniambia kabla ya mbuzi kutoka mu kijiji. Flash ukae nayo. Kipindi ya mwisho hatukuiangalia."

"Salle haikuwa na ile kaseti," Emérence alisema. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa. "Miaka yote sijue iliisha namna gani. Wewe uliiangalia?"

"Niliiangalia peke yangu, Jumamosi. Kutayarisha."

"Mwalimu, kapitene anafika kwa ule mudada?"

Lukumani angejua la kujibu hapo. Ananie alikuwa hajui kusema isipokuwa kilichoandikwa.

"Hapana," alisema. "Hafike."

Emérence alimshukuru, akazima simu, akaingia gari la Butembo. Walipofika, jua lilikuwa limeshatua nyuma ya vilima na baridi imeshuka, na abiria wote walikuwa wamevaa makoti yao. Yeye alipanda kilima cha kwao mikono imekumbatia kifua, maana hakuwa amekumbuka kubeba pull.